Nimekosa Kiti, Nimeokota Kiti

4 Februari

Kitindamimba wetu,

Salamu kutoka nyumbani, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Mwambie na afande anayesoma barua kwamba namsalimu, maana najua macho yake yatapita hapa kabla ya yako.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linatabiri mvua ambazo hazinyeshi, na kila likikosea anailaumu redio. Ananiambia nikuulize kama blanketi nililokuletea mwaka jana limechakaa, na nisikubali jibu la "liko sawa tu", kwa sababu hilo ndilo jibu lako tangu ulipokuwa na miaka mitano na suruali imechanika mpaka magotini. Nyumba hii tuliyohamia, ambayo bado hujaiona, haina shida kubwa. Jirani wa juu kanunua mashine ya kufulia. Ikianza kuzunguka, vikombe vyetu vinacheza kabatini.

Shuleni mkuu mpya amefika. Wamemtoa shule nyingine, ana shahada ya pili. Si mtu mbaya. Mimi nimerudi kwenye umakamu, ofisi yangu ile ile iliyopakana na bomba la maji.

Jambo jingine la kukuchekesha. Nyuma ya stoo ya shule kuna rundo la madawati mabovu yanayosubiri kuchomwa. Juzi nimechomoa humo kiti cha mbao, kizito, kimepakwa rangi juu ya rangi. Nimekibeba kichwani hadi nyumbani, watoto wakinicheka njia nzima. Mama kanitazama mlangoni.

"Hukosi viti humu ndani," akasema.

"Nimekosa kiti, nimeokota kiti," nikamwambia.

Hakucheka. Nakikwangua kwa kipande cha kioo nikitoka kazini, nusu saa tu kwa siku, pale kwenye kibaraza. Rangi ya juu ni kijani ya kuchukiza.

Andika upesi.

Dada yako


9 Machi

Dada Rula,

Nakuita kwa jina walilokupa wanafunzi wako kwa sababu nimekasirika, na mtu huwezi kumkasirikia dada yako kwa jina la heshima.

Kwanza salamu. Mimi mzima. Kikohozi cha Januari kimekwisha. Bado niko karakana ya kushona, sasa wamenipa kola. Siku nzima nashona kola za mashati ya watu nisiowajua. Msimamizi anasema kwa mtu aliyezoea usukani wa lori, mkono wangu ni mwepesi. Mwambie Mama blanketi liko sawa tu. (Mwambie lina tundu moja, dogo, nimeliziba.)

Barua yako imechukua mwezi mzima kunifikia. Nimeisoma mara nne. Mistari kumi kuhusu magoti na vikombe, halafu mistari mitatu ya shule, umeipitisha kama mtu anayepitisha kuku chini ya kanga kwenye basi. Dada, umekuwa makamu miaka tisa. Umekaimu ukuu miezi kumi na minne. Ulipokuja kuniona Agosti, mlinzi wa getini alikuuliza kazi yako, ukasema "mwalimu", ukasita, ukasema "mkuu wa shule". Nilikuwa upande wa pili wa waya, nikasikia. Sijawahi kukusikia ukijisifu maisha yako yote ila siku hiyo.

Kwenye usaili walikuuliza nini?

Lakini sitaki kukubana. Nakuambia tu ninachokijua, maana kwenye elimu hii mimi ni profesa na wewe ndiyo kwanza unaanza darasa la kwanza. Ukipotewa na kitu kikubwa, usitafute kitu kikubwa cha kuziba pale. Hutakipata, na ukikipata kitakuponda. Tafuta kidogo. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilihesabu matofali ya ukuta wenye dirisha. Mia nne na kumi na mbili. Wiki ya pili nikaona chini kabisa, karibu na sakafu, mtu aliyenitangulia amechora kwa msumari: 409. Nikahesabu upya. 412. Nimegombana na mtu huyo ambaye sijui hata kama yuko hai, miaka mitatu na nusu sasa. Chumba kizima kimehesabu. Wawili wako upande wake.

Endelea na kiti. Usikwangue haraka.

Mdogo wako


25 Machi

Kitindamimba,

Tumefurahi sana na barua yako. Mama ameisoma mwenyewe kwa miwani ya jirani, akafika pale pa tundu la blanketi akasema, "Nilijua." Anashona jingine. Shangazi amejifungua mjukuu, namaanisha binti yake amejifungua, lakini ukimsikia Shangazi anavyosimulia utungu utadhani ni yeye.

Kuhusu matofali. Tazama kandokando ya dirisha. Bila shaka kuna nusu tofali sita pale, tatu huku na tatu kule. Wewe umehesabu kila nusu kuwa moja. Mwenzio ameziunganisha mbilimbili, akapata tatu. Nyote wawili mko sawa. Mpe pole, umemsema vibaya miaka mitatu na nusu.

Nimemkabidhi mkuu mpya funguo. Ziko thelathini na moja, na nusu yake hazina alama, nazijua kwa mkono tu. Nikamwonyesha: huu wa maabara lazima uuvute kidogo kabla ya kuzungusha. Huu wa maktaba unazunguka kinyume. Akawa anaandika kwenye daftari, mtu mzima na shahada zake, anauliza, "Samahani Mwalimu, kinyume, yaani kushoto?" Angekuwa na majivuno ningemchukia nikapata nafuu. Akanishukuru mara tatu. Nikaenda chooni nikafungua bomba lote ili maji yapige kelele.

Kiti: chini ya kijani kuna bluu, ya aina ile ya milango ya zahanati. Kioo kinateleza vizuri asubuhi za Jumamosi, rangi ikiwa imepoa. Inatoka nyuzi nyuzi, kama maganda ya karoti. Nikiwa naikwangua siwazi kitu. Nusu saa nzima siwazi kitu, kisha nasikia mgongo unauma na nafurahi kwamba ni mgongo.

Nakutumia fumbo kwa ajili ya chumba chenu, msipigane. Baba ana umri mara nne ya mwanawe. Baada ya miaka ishirini atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Sasa wana miaka mingapi?

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Salamu zimfikie Mama, na Shangazi aliyejifungua.

Nusu tofali ni sita. Nimezihesabu kwa kidole. Niliposoma barua yako kwa sauti chumba kizima kilikwenda dirishani, na wale wawili waliokuwa upande wa msumari wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Mimi nilirudi kitandani. Nilizoea kuwa na adui yule.

Fumbo limetuchukua siku tisa. Mzee mmoja wa kitanda cha pembeni alishikilia kwamba baba huyo alichelewa kuoa na hesabu haina haja ya kuendelea. Afande wa barua, ndiyo, huyo huyo unayemsalimu, akapita akanong'ona, "Baba arobaini, mwana kumi," tukamzomea kwa kuharibu mchezo. Yumo mchezoni tangu ulipolituma, ameshindwa kujizuia. Ameomba uandike jingine gumu zaidi.

Kuna mmoja hapa, kifungo chake ni kirefu, hakusema neno siku zote tisa. Tulipopata jibu akasema, "Kumbe nyinyi mnajua watoto wenu wana miaka mingapi." Basi. Akageukia ukutani.

Dada, hujanijibu. Nilikuuliza walikuuliza nini. Umenijibu matofali, umenijibu funguo, umenijibu rangi. Mimi si mwanafunzi wako wa kupewa swali jingine ili asahau la kwanza.

Je, walinitaja mimi?

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Huku kumepoa kidogo. Mama amemaliza blanketi, zito kama deni la mtu mwingine, sijui kama watalipitisha. Jirani wa juu mashine yake imeharibika na sasa anakuja kuomba beseni. Vikombe vimetulia, na mimi nimegundua kwamba nilikuwa nikiisubiri ile kelele kila siku saa kumi na moja jioni.

Nimekuambia. Wamechukua mwenye shahada ya pili. Ndivyo ilivyo siku hizi, karatasi ndiyo inayosema. Tusiifukue.

Kiti kimekwisha. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe mbao yenyewe, nyekundunyekundu, yenye mistari kama kiganja cha mtu. Nikakipiga msasa, nikakipaka mafuta ya kitani, nikakianika. Jumapili asubuhi kikawa kimekauka. Nikakiweka katikati ya kibaraza, nikakikalia, mikono haina la kufanya. Nililia mpaka Mama akatoka. Alisimama nyuma yangu akaweka mkono kichwani pangu, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Unajua ile nyumba ya mkuu iliyo ndani ya uzio wa shule? Vyumba vitatu. Nilikuwa nimeshapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Namba zake bado ziko kwenye diari yangu. Chumba kimoja ni kidogo lakini kinapata jua la asubuhi. Basi, nakuchosha.

Nimerudi kwenye rundo. Kuna meza ndogo, miguu mitatu.

Karani wetu, yule anayetuchapia mitihani, mwezi ujao anakwenda kumtembelea mkwewe mji wenu. Nimempa blanketi akuletee.

Fumbo la afande limo upande wa pili wa karatasi. Mwambie asitaje jibu.

Dada yako


2 Julai

Kitindamimba,

Karani amerudi. Anasema blanketi limepita na kwamba umenenepa kidogo. Nashukuru. Kila nikimuuliza mmeongea nini anasema "ya kawaida tu", anaondoka na mafaili.

Barua yako ya Juni haijafika. Labda posta.

Meza sasa ina miguu minne. Mguu wa nne nimeutoa kwenye dawati. Inayumba. Naweka karatasi iliyokunjwa chini yake, nainuka, natazama, naikunja tena.

Kila Jumatatu sasa naandika fumbo kwenye pembe ya ubao, darasa la kidato cha tatu, bila kusema neno. Ijumaa nalifuta. Wiki iliyopita mkuu mpya alipita, akasimama mlangoni akiwa na kalamu, akajaribu kulikokotoa kwenye kiganja chake. Alikosea. Nikamwonyesha alipokosea.

Mama anasalimu.

Dada yako


5 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii ni fupi. Kama unaumwa, mwombe mtu akuandikie. Kama umekatazwa kuandika, mwombe afande aniandikie, yeye tunafahamiana. Kama hutaki kuandika, tuma karatasi tupu, niione bahasha yenye mwandiko wako, nimwonyeshe Mama. Ananiuliza kila siku kabla sijavua viatu.

Dada


25 Agosti

Dada,

Nisalimie Mama. Mwambie blanketi ni zuri mno na nalala kama mtoto. Nusu ya maneno hayo ni kweli.

Siumwi. Sikukatazwa. Nilikuwa naanza barua nachana, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nafuga panya, vipande vyote vile.

Karani ameniambia. Usimlaumu, nilimbana. Ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kile kikao chenu cha usaili, alisikia kwa masikio yake. Amesema ukuu wa shule ulikuwa wako. Amesema walikuuliza nikitoka nitaishi wapi, ukasema kwako. Basi wakampa mwingine.

Jibu moja, Dada. Ungewaambia lolote. Ungewaambia atakwenda kwa Shangazi.

Kuna jambo sijakuandikia miaka yote hii, wala hukuuliza, na nakushukuru kwa kutokuuliza. Yule mtu alikuwa amesimama kando ya barabara anafunga mzigo kwenye baiskeli. Shati la bluu. Mimi nilikuwa na siku mbili sijalala na nilisinzia kwa muda wa kufumba na kufumbua, na nilipofumbua alikuwa amegeuka kunitazama. Matofali niliyahesabu kwa ajili hiyo. Ukihesabu, huoni shati. Ukifika mwisho unaliona, ndiyo maana unaanza tena. Nilikuandikia kama mtu anayesimulia mchezo, nisamehe.

Nilifikiri nimeua mtu mmoja, na nimeua kazi yangu, maana leseni sitaipata tena. Sikujua kwamba lile lori lilikuwa bado linaendelea kwenda na lingekufikia na wewe.

Kifungo kinaisha Novemba. Mwenzangu wa karakana ana kaka mwenye cherehani nne mji wa mbali huko. Nitakwenda nikashone kola. Sitakuja kwako. Nenda kwa wakubwa wako wa elimu uwaambie ndugu yako hatakaa nyumbani mwako wala hatakanyaga shule yako. Waandikie leo. Huenda mwaka ujao wakakufikiria.

Usinijibu kwa hasira. Usinijibu kwa mafumbo.

Mdogo wako


10 Septemba

Kitindamimba wa mama yangu,

Hatujambo. Mama amelia kwa furaha kuona mwandiko wako, sijampa asome kilichomo.

Utaniruhusu nikusimulie mwenyewe, maana karani aliandika kilichosemwa ndani ya chumba, na jambo lenyewe lilitokea nje.

Walikuwa watano mezani. Mwenyekiti ni mzee mpole, mwenye sauti ya daktari. Walinisifu. Mwishoni akavua miwani.

"Mwalimu, kazi yako tunaijua," akasema. "Limebaki swali moja. Nyumba ya mkuu iko ndani ya uzio, hatua thelathini kutoka madarasani. Ndugu yako akitoka gerezani, atakaa wapi?"

"Kwangu. Na mama yetu."

"Wazazi watasemaje?"

"Wataniuliza, nami nitawajibu."

"Hatukuambii umtupe ndugu yako," akasema. "Andika tu kwa mkono wako kwamba hataishi pale wala hatakutembelea pale. Karatasi moja. Tunakupa dakika kumi, toka ukanywe maji."

Nikatoka. Kuna benchi kwenye ukumbi, mbele yake dirisha, na saa ya ukutani. Hapo ndipo palipo na kile nilichokuficha, mdogo wangu. Sikukuficha kwamba nilikosa kazi kwa ajili yako. Nilikuficha kwamba dakika saba kati ya zile kumi nilikukana. Sentensi yote nilishaitunga kichwani, na mkato wake, na nukta yake. Nilikuwa nimeshakupangia chumba kwa Shangazi. Nilijiambia utaelewa. Nilijiambia wewe ndiye uliyesinzia, si mimi. Nilitazama ile saa na nilikuwa na furaha, nakuapia, furaha kama ya mtu aliyetua mzigo.

Akaja mama anayefanya usafi, na ndoo yake. Akaniona nimekaa.

"Mwalimu, unamsubiri nani?"

"Namsubiri mdogo wangu," nikasema.

Mdomo ulinitangulia. Sikupanga. Yule mama akasema, "Haya, atafika tu," akapiga deki akapita. Basi sikuweza tena. Nilijaribu kuirudia ile sentensi na maneno yake yakawa yametawanyika. Nikaingia ndani nikawaambia atakaa kwangu. Mwenyekiti akafunika kalamu yake.

Usinifanye shujaa. Kuna siku nilikwangua kile kiti nikiwa nakukwangua wewe. Nilikuchukia kwa rangi ya kijani yote na kwa nusu ya bluu. Sijui nilikoma lini, nilifika kwenye nyeupe nikakuta sina tena hasira, nina uchovu tu. Na uchungu haujakwisha, usidhani. Kila asubuhi wakipiga kengele ya mstarini mguu wangu unataka kwenda mbele, pale mkuu anaposimama, na naurudisha. Viti na meza na pembe ya ubao haviniponyi. Vinanipitisha tu kutoka asubuhi hadi jioni, na siku nyingine hilo ni jambo kubwa.

Sasa wewe unataka kwenda mji wa mbali ukashone kola, ili mimi nipate nilichokwisha kukosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukuu umekwenda, una mwenyewe, na anaufanya vizuri. Ukienda na wewe, nitakuwa nimekosa shule na nimekosa ndugu, vyote viwili kwa mwaka mmoja, na Mama ataniuliza kabla sijavua viatu, nimjibu nini?

Kuhusu shati la bluu. Nimelisoma. Ukitaka kulisema tena, lisemee hapa nyumbani, nami nitakaa nisikilize.

Dada yako


18 Oktoba

Dada,

Salamu kwa Mama, mwambie nakuja. Mwambie wewe, ukiwa umemkalisha kwanza.

Nimeisoma barua yako karakanani na nimeharibu kola mbili. Kuhusu zile dakika nina neno moja tu. Wewe ulinikana dakika saba. Mimi nilikukana miezi mitatu, kwa ukimya, na wewe ukiniandikia. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, piga hesabu mwenyewe.

Natoka tarehe 14 Novemba, siku ya Alhamisi. Naomba usije kunipokea, si getini wala stendi. Usinielewe vibaya. Nataka nifike kwa miguu yangu, kama mtu anayekwenda kwao. Nikikuona getini nitalia mbele ya maafande, na huyu wa barua atanitania mpaka kiyama. (Amesoma hapa, amecheka. Halafu amevua kofia akafuta jasho, na leo hakuna joto.)

Naogopa vitu vya kijinga. Naogopa kuvuka barabara. Naogopa kula mbele ya watu bila mtu kupiga filimbi. Na basi litapita pale, Dada, pale pale, hakuna njia nyingine ya kuja. Sijui nitaangalia upande gani.

Nitafanya nini mchana kutwa?

Mdogo wako


3 Novemba

Mdogo wangu,

Mama nilimkalisha kwanza. Akasimama.

Natumaini hii itakuwahi. Sitakuja kukupokea, kama ulivyotaka, ingawa mkuu alinipa ruhusa ya siku nzima kabla sijaiomba. Nitakuwa darasani mpaka saa tisa na nusu. Basi lako linafika saa nane.

Kuhusu pale barabarani sina ushauri. Mimi hupapita kila ninapokuja kukuona, na mpaka leo sijajua niangalie wapi. Mara ya mwisho niliangalia. Kulikuwa na majani marefu na mbuzi wawili. Sijui nikuambie hilo kama faraja au kama nini.

Mchana kutwa utafanya nini, sijui hilo nalo. Siku ya kwanza utakula na utalala. Ya pili tutaona ikifika.

Kutoka stendi fuata barabara ya lami hadi duka la dawa, kata kushoto, jengo la pili, ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho. Pale chini kuna mzee anayeshinda mlangoni, kazi yake ni kuuliza. Atakuuliza wewe nani, umetumwa na nani, unamtaka nani. Usimwambie wewe ni fundi. Usimwambie wewe ni mgeni. Mwambie wewe ni mdogo wake mwalimu.

Na jambo moja sikukuandikia mwaka huu wote, ili usipate la kuhesabu usiku. Masikio ya Mama yamekwisha polepole, sasa tunamsemesha usoni kwa sauti kubwa. Hasikii tena mtu akiwa mlangoni. Atakuwa amekaa ndani akikusubiri tangu alfajiri, na hatakusikia. Kwa hiyo usisimame pale ukibisha hodi mpaka ukate tamaa ukageuka. Sitaufunga mlango. Sukuma uingie.

Dada yako